Ni Majina Tu

Santuri za dani zilinukia mwarobaini. Dani, mama mzaa baba, alizihifadhi ndani ya sanduku la bati nyumbani kwetu Rangwe, akitandaza majani ya mwarobaini kati ya moja na nyingine ili mende wasile majalada yake. Likizo ile ya Agosti, nilipokuwa na miaka tisa, kila Jumapili baada ya kanisa alitoa ileile moja, akaipangusa kwa upindo wa leso, akaiweka kwenye gramafoni na kuinamisha kichwa. Ilikuwa ya bendi ya babu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kama bendi nyingi za huku enzi hizo, ilijiita Jazz, ingawa walichopiga kilikuwa benga, gitaa moja likikimbia na jingine likilifukuza. Katikati ya wimbo magitaa yalishuka na babu akaanza kuita watu, kama ilivyo desturi yetu Waluo kujisifu na kusifiana ndani ya muziki: Ogola mwana wa Auma, ndiye mimi, kisha fundi baiskeli wa sokoni, asiyeshindwa na pancha, na mwisho kabisa nyar Mfangano, binti wa kisiwa cha Mfangano, aliyevuka maji kunifuata. Huyo alikuwa dani. Kila mara aliitika, "Ee, niko hapa," kisha akacheka peke yake.

Mwezi huohuo alikuja mgeni kutoka Nairobi, mtu mpole aliyekuwa akikusanya santuri za zamani. Hakujua Dholuo na dani hakujua Kiswahili, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Nilijivuna mno. Shuleni, aliyenaswa akiongea Dholuo alivishwa kibao shingoni hadi jioni, nami nilikuwa sijakivaa muhula mzima. Mgeni aliusikiliza wimbo, akauliza yule mtu anasema nini pale katikati. Nilijua kila neno. Lakini kumtaja fundi baiskeli mbele ya mtu wa Nairobi niliona aibu.

"Si kitu," nikamwambia. "Ni majina tu."

Dani akataka kujua mgeni amesema nini. Nikamjibu kwamba ameupenda. Basi akampa santuri aende kuinakili, airudishe kabla ya Krismasi. Hakuirudisha.

Mwaka huu nimeukuta wimbo wa babu kwenye simu, nikiwa Migori na shahada yangu isiyoniajiri. Kampuni ya ng'ambo imeutoa upya wimbo huo pamoja na nyingine za bendi zetu, umesafishwa mpaka kila uzi wa gitaa unasikika. Maelezo yanasema wanamuziki hawajulikani, na sehemu ya mazungumzo imeondolewa. Hawajulikani na nani? Mtu alijitaja ndani ya wimbo wake mwenyewe, akamtaja mama yake na mke wake, wakamkata, kisha wakaandika kwamba hajulikani. Nimeandika barua pepe ya hasira mara kumi na moja na kuifuta mara kumi na moja. Kila nikifika kwenye neno "nyinyi", najiuliza kama yule mgeni aliwapelekea maneno yangu pamoja na santuri. Labda aliyasahau njiani. Labda aliyafikisha neno kwa neno.

Jumapili iliyopita nilimpelekea dani ausikie. Haoni vizuri siku hizi, lakini aliujua kwa mdundo wa kwanza, akainamisha kichwa kama zamani. Magitaa yakashuka. Akafungua kinywa aitike, yakapanda tena.

"Umeruka, nyakwara," akaniambia, yaani mjukuu wangu. "Rudisha."

Nikarudisha. Mara ya tatu hakungoja, akaanza kuwaita yeye mwenyewe. Lakini nafasi waliyoiacha haitoshi hata jina moja, na magitaa yalimfunika kabla hajafika Mfangano. Akageuza uso upande wangu na kuuliza kama yule mgeni nilimweleza vizuri.

Nikiwa na miaka tisa nilijibu bila kufikiri. Safari hii nilifikiri mpaka simu ikazima kioo, ndipo nikamwambia ukweli wote.

"Basi waandikie," akasema. "Anza na mama yake."

Barua ya kumi na mbili inaanza na Auma. Hasira imebaki yote, na kati ya wenye kosa nimeliweka jina langu pamoja na la kampuni. Hii sikuifuta. Nimeituma.