Funda la Maziwa Mbele ya Baba Mkwe

Msicheke kwanza, ama chekeni tu, maana Isiolo nzima imeshacheka. Mimi ni mwalimu wa kemia, Mborana, Mwislamu, na Ramadhani iliyopita nilimeza maziwa mchana kweupe mbele ya wazazi wa shule, huku mzee Dida, baba ya msichana niliyekuwa nimetuma wazee wakaniposee (jibu lilikuwa bado), amekaa kiti cha mbele kabisa.

Ilikuwa siku ya wazazi, na mimi nilitaka mzee aone kwamba binti yake anaenda kwa mtu wa maana, basi nikaamua kupima asidi ya maziwa ya ngamia yaliyochacha, tena maziwa ya mzee mwenyewe kutoka Garbatulla. Nilipanga wiki nzima: bureti, ule mrija mrefu wenye koki, nijaze kostiki, dawa ya kuua asidi, ambayo ukolezo wake naujua, maziwa niyapime kwa pipeti, kimrija cha kuvutia, niongeze maji safi na dawa ya rangi, halafu nidondoshe kostiki tone kwa tone mpaka maziwa yageuke waridi hafifu, nirudie mpaka majibu yakubaliane, nipige hesabu, na asidi ijulikane ni kiasi gani. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mpira wa kuvutia pipeti, ambao ulipasuka kabla sijaajiriwa (shule yetu ina geti jipya linalong'aa, lakini mpira huo, hapana, kwa hiyo tunavuta kwa mdomo).

Kinoti, fundi wa maabara, Mmeru, Mkristo, alininong'oneza, na Kinoti hajui kunong'ona, viti vya mbele vyote vilisikia. "Mwalimu, mimi leo nimekunywa chai mara mbili. Wacha mimi nivute."

Mtu mwenye akili angesema asante. Mimi niliona sifa zangu zinaenda kwa Kinoti, nikamjibu kwamba navuta pipeti tangu chuo na hakuna tone limewahi kunigusa ulimi, nikainama, nikavuta. Jamani, maziwa ya kuchacha yana madonge! Donge likaziba ncha, nikavuta zaidi, wapi, nikavuta kama ndama wa ngamia, mara likaachilia na funda zima likanijaa mdomoni.

Sasa niambieni, mngefanya nini? Nikitema, natema maziwa ya mzee mbele ya macho yake, na kwetu maziwa hayatemwi wala hayamwagwi ovyo, hilo ni tusi ambalo ukoo mzima ungelibeba. Nikimeza, nimekula mchana wa Ramadhani. Nilisimama hapo mashavu yamevimba, nikimtafuta Kinoti kwa macho (alikuwa anakagua dari), mpaka pumzi ikaisha na koo likaamua lenyewe.

"Wallahi amemeza!" mama mmoja akasema.

Ningekimbia, lakini nikajifanya mwanasayansi, nikaendelea. Nikafungua koki kupita kiasi, kostiki ikamwagika kama bomba limeachwa wazi, na ile waridi hafifu niliyoahidi ikapitiliza, ikawa pinki kali ya kuumiza macho.

"Hiyo ndiyo rangi ya dhambi?" yule mama akauliza, na hapo hata mwalimu mkuu akainama chini ya meza akijifanya ameangusha kalamu.

Mzee Dida hakucheka. Alisimama na fimbo yake. "Haya, mwalimu. Yamechacha kiasi gani?"

"Mzee, jibu... jibu limeharibika."

"Limeharibika aje? Si wewe umeonja?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Baada ya Idi nikailipa ile siku kwa kufunga nyingine, na wazee wangu wakarudi kuchukua jibu. Mzee akawaambia funda hana shida nalo, mtu aliyeogopa kutema maziwa yake anamwelewa. "Lakini alikuwa na mtu hafungi, amesimama kando yake, anamwambia wacha nikusaidie, yeye akakataa ndio watu wamwone. Sasa msichana wangu akiingia hiyo nyumba, atasikizwa na nani?"

Wazee wangu wakamaliza chai yao, wakarudi mikono mitupu. Mpaka leo nangoja mzee abadilishe mawazo, na siku hizi mtu akisema anisaidie, hata kama ni kubeba chaki moja, namwachia.