Ndoo ya Nne

Mimi ni mhudumu wa meza, na nusu ya kazi yetu ni kutabasamu. Hii naisimulia bila tabasamu. Nikiikumbuka Disemba ile, katika wote walionichefua, wa kwanza ni mimi mwenyewe. Lakini sitaanza na uchafu. Nitaanza na mtu safi, Kheir, mshika stoo wa hoteli ya Bi Asila pale Shangani.

Hoteli hiyo zamani ilikuwa nyumba ya ukoo wa Bi Asila, ghorofa tatu zilizozunguka ua wa ndani wenye vyungu vya mrehani. Kheir alikabidhiwa funguo za stoo wakati stoo ni mchele, mafuta na sabuni. Watalii walipozidi, mvinyo nao ukaingia. Kheir alikuwa na watoto watano shuleni, akabaki, na hakuwahi kujitetea kwa hilo. "Nnajua nnachokishika, Ayoub," aliniambia siku moja, "na nnajua ntaulizwa." Akishika chupa huvaa glavu za mpira kama daktari wa meno. Nyumbani, mkewe Bi Kazija humwekea maji na kanzu safi ukumbini, maana hapiti ndani na nguo za kazi. Miaka ishirini na moja funguo zilikaa kiunoni mwake, na hakuna hata mche mmoja wa sabuni uliopotea.

Siku aliyoichukia kuliko zote ilikuwa ya mwanzoni mwa Disemba, siku ya kuonja. Kila mwaka, kabla ya Krismasi na mwaka mpya, hoteli huchagua mvinyo wa sikukuu. Muuzaji huja asubuhi na chupa zake sita, nasi tunaokunywa, watu wanne watano, tunakaa uani mbele ya gilasi. Unatia kidogo mdomoni, unasukutua kama mtu anayepiga mswaki, kisha unatema ndooni mbele ya wenzako. Watu wazima wenye tai shingoni. Mate yanaburuzika kama ute wa bamia kutoka mdomoni mpaka ndooni, na hakuna anayeona haya. Wa kubeba ndoo ni Kheir.

"Bibi yangu alikuwa akila tambuu," alisema, "na ana kopo lake la kutemea. Lakini akienda kutema nyuma ya mlango. Nyie mnatema huku mnatazamana machoni."

Alitaka jambo moja tu, kila mvinyo uwe na ndoo yake. Tukadhani ni usafi. Ilipita miaka ndipo akanieleza. "Mvinyo mzuri mtu hautemi wote. Atakwambia ametema, kumbe koo limeshachukua fungu lake. Ndoo yake nnaibeba kwa vidole viwili. Ule mbaya unarudi wote, ndoo nzito." Meneja wa zamani alikuwa akiijua siri hiyo. Akituacha tumalize maneno yetu, halafu humfuata Kheir jikoni: "Ami Kheir, wasemaje?" Kheir hujibu, "Wa pili," au "Wa tano," akaendelea kusugua. Mtu ambaye hajawahi kuonja hata tone ndiye aliyekuwa akiwachagulia wageni mvinyo wa Krismasi, na hakukosea hata mwaka mmoja.

Meneja yule akastaafu. Akaja Hisham, mtoto wa kaka yake Bi Asila, na viatu vyake visivyo na soksi. Naye akionja na kutema, kisha akitukumbusha, "Miye sinywi, natema tu," kana kwamba kuna aliyemuuliza.

Siku ya kuonja ya Disemba ile, chupa tatu za mwanzo zilipita salama, na ya pili ilikuwa nzuri kweli. Ikaja ya nne. Jamani! Ulinuka tambara la deki lililosahauliwa ndooni wiki nzima, na nyuma yake siki. Ulimi ulikauka, meno yakaniwasha. Niliutema wote, nikatema tena mate matupu. Wahudumu wawili niliokaa nao wakafanya vivyo hivyo. Hata muuzaji aliutema. Hisham naye aliutema wote, akapangusa midomo, akafumba macho.

"Nnapata matunda ya msituni," akasema.

"Msitu upi? Jozani?" Kheir aliuliza kutoka nyuma, wala hakucheka.

Sote tulijua kwamba muuzaji amemwahidi Hisham safari ya kwenda kutembea kwenye mashamba ya zabibu ng'ambo, tikiti na malazi juu yake, iwapo ataichukua chupa ya nne kwa makreti thelathini. Hisham akatugeukia mmoja mmoja, akaanza na mimi kwa kuwa ndimi mkubwa wa wahudumu. "Ayoub, wewe Mkristo, unajua mambo haya. Unauonaje?"

Ulimi bado unaniwasha, nikasema, "Mzuri sana. Laini."

Wenzangu nao wakasema laini. Kheir alinitazama, akaitazama ndoo ya nne, akaiinua kwa mikono miwili na kuondoka nayo.

Makreti thelathini yakanunuliwa, na usiku wa Krismasi gilasi zilirudi zimejaa. Mama mmoja wa Kijerumani alikwangua ulimi kwa kitambaa cha meza, nami nikasimama pale nikimwambia ni mvinyo wenye tabia yake. Mwaka mpya ukawa mbaya zaidi. Wageni hawakutaka kutuvunjia heshima, wakawa wanaumwaga kwenye vyungu vya mrehani. Kulipokucha ua mzima ulinuka, nzi wametanda, na mrehani umelala chini, majani meusi.

Mrehani ule Bi Asila hukata kila Ijumaa kwa mkono wake. Ijumaa ile alifika na kikapu, akasimama mlangoni, akaziba pua kwa ncha ya buibui. "N'nani kafanya haya?"

"Kheir, shangazi," Hisham alijibu haraka. "Makreti kayaweka ubavuni mwa jenereta. Mvinyo umepikwa na joto. Siku ya kuonja ulikuwa mzuri, waulize hawa." Akanyoosha mkono kwa Kheir mbele yetu sote. "Lete funguo. Leo unaondoka."

Ulikuwa uongo mtupu. Makreti yalikaa chumba cha chini chenye baridi, na mimi mwenyewe nilisaidia kuyabeba. Kheir alifungua mkanda, akachomoa funguo, akampa. Miaka ishirini na moja ikaishia kwenye kiganja cha mtu asiyejua bei ya mchele. Na sisi watatu? Tulitazama vidole vya miguu yetu. Sijawahi kunuka vile.

"Bi Asila, nipe dakika moja," Kheir alisema.

Alikwenda chini ya ngazi ya nyuma, akarudi amevaa glavu, amebeba kopo kubwa la plastiki la achari lililofunikwa barabara, chupa tupu ya mvinyo yenye namba nne, na faneli. Akaviweka juu ya meza nyeupe. Alipofungua kifuniko, mhudumu mmoja alikimbilia msalani. Rangi ilikuwa ya kutu, na juu umetanda utando mweupe unaotikisika.

"Hii ndoo ya nne," alisema. "Siku ya kuonja ilifunguliwa chupa moja tu, hii, ikagawiwa yote kwenye gilasi zao. Tazameni."

Akaanza kumimina. Polepole, ute ukisita kwenye faneli kisha ukiporomoka. Bi Asila hakugeuza uso, ingawa alikaza meno. Chupa ikajaa mpaka shingoni, ikajaa mpaka mdomoni, na ndani ya kopo bado mkabaki kitu.

"Chupa moja ilitoka, chupa moja imerudi," Kheir alisema. "Hakuna hata koo moja lililoutaka. Hicho kilichozidi ni mate yao."

Hisham alicheka. "Shangazi, mvinyo ukionjwa hutemwa, ndiyo desturi. Ndoo zote zinakuwa hivi. Hili si lolote, uchafu wa mzee tu."

Bi Asila hajui desturi za mvinyo. Nilimwona anaanza kuyumba, anamtazama mtoto wa kaka yake, anautazama mrehani wake. Kheir alikuwa amemaliza chake. Akanitazama mimi.

"Ndoo nyingine hazikuwa hivi," nikasema. "Bi Asila, mate yangu yamo humo. Niliutema wote maana ulikuwa umeoza siku ile ile. Hisham naye kautema, kisha kauchukua kwa ajili ya safari aliyoahidiwa na muuzaji. Halafu miye nikasema laini."

Mwenzangu aliyebaki akasema, "Hata miye."

Bi Asila alimwendea Hisham, akachukua funguo mkononi mwake bila kumgusa kidole. "Nenda safari yako," akamwambia. Akamnyooshea Kheir funguo.

"Ziweke mezani, Bi Asila, nikanawe kwanza," Kheir alijibu.

Nilitegemea atanishukuru. Alivua glavu, akalisukuma kopo mpaka mbele yangu, na chupa pembeni yake. "Haya yako. Kamwage."

Niliyabeba mpaka karo la nyuma. Yalinimwagikia kwenye kifundo cha mkono, vuguvugu, yananata. Nilinawa kwa sabuni mara tatu, nikasugua kwa limau, na jioni nyumbani bado sikuweza kula wali kwa mkono ule.

Asubuhi yake nilimkuta stoo anahesabu miche ya sabuni. "Shikamoo, Ami Kheir."

"Marahaba."

Nikamuuliza jambo lililonikosesha usingizi. Yeye huoga kwa kushika chupa tu. Aliwezaje kuyaweka mate yetu karibu mwezi mzima chini ya ngazi? Alijuaje kama atayahitaji?

Alimaliza kwanza kuhesabu mstari wake wa sabuni.

"Nilikuona ulivyosema laini," akasema.