Watano Wenye Jina Moja

Katika miji mingi niliyoishi, sikukaa vya kutosha hata kulichosha godoro. Bunia, Kampala, Lubumbashi, Bunia tena, halafu Kigoma. Niliuza vitenge, nikaendesha pikipiki, nikalinda maghala ya watu. Kila nilikokwenda nilikuwa na simu, na ndani ya simu nilisoma ile ensaiklopedia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika. Niliisoma kwa Kifaransa changu cha sekondari.

Siku moja, nikiwa Kigoma, nilifungua ukurasa unaohusu viazi. Nikakumbuka baridi ya asubuhi kwetu, upande wa Butembo, na mama akifukua viazi kwa vidole ili jembe lisivikate. Nikashuka kwenye orodha ya lugha, ndefu kama litania ya watakatifu, nikitafuta Kinande, lugha yetu. Hakikuwamo. Zilikuwamo lugha za visiwa ambavyo watu wake wote wangeenea katika soko moja la Goma. Nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonirudisha Kivu, si hamu ya viazi peke yake.

Toleo la lugha mpya haliombwi leo likapatikana kesho. Kwanza lugha yenu inawekwa mahali pa majaribio, kama miche kwenye kitalu. Mnaandika kurasa mwezi baada ya mwezi, watu kadhaa tofauti, mpaka kamati iliyo mbali iridhike kwamba lugha hiyo ina waandishi wa kweli. Mkikauka, ombi linafungwa.

Tulipata chumba Goma, mtaa wa Murara, nyuma ya duka la kuchajia simu. Humo tuliweka meza mbili. Meza ya dirishani ilikuwa ya Kihunde, lugha nyingine iliyoomba toleo, chini ya mama mmoja kutoka vilima vya Masisi, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla vita havijamfikisha kambi ya wakimbizi ya Mugunga na hema lake, mara tatu. Alifanya kazi na dada zake wawili. Meza ya mlangoni ilikuwa yetu, ya Kinande.

Sisi Wanande huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa. Mwana wa pili wa kiume ana jina lake kabla mama yake hajabeba mimba. Mimi ni wa pili. Na wajina kwetu ni ndugu, huwezi kumpita njiani bila kumsalimia, kwa hiyo nilipotafuta watu wa kuandika niliwaendea wajina zangu kwanza. Walikubali wanne: katekista mstaafu tuliyemwita Muzee, mfanyabiashara wa maharagwe, na walimu wawili. Kila mmoja alifungua akaunti kwa jina lake na tarakimu moja nyuma yake; yangu ya jina hilo nilikuwa nayo tangu Kampala. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Tulikuwa na desturi moja. Hakuna ukurasa uliotoka kabla mwandishi hajausoma kwa sauti mbele ya wote. Tuliubishia, tukaurekebisha, kisha mwenyewe akauandika kwa simu yoyote iliyokuwa na moto kwenye betri, kupitia modemu yetu moja. Ndivyo tulivyofikisha kurasa mia na kitu: ugali wa muhogo, mahari, kahawa, magonjwa ya migomba.

Kisha ikaja barua ya msimamizi, mtu wa mbali tusiyemjua uso, kwa Kifaransa safi. Akaunti tano zenye jina moja, simu zile zile, modemu ile ile. Alikuwa na hakika kwamba ni mtu mmoja anayejifanya watano. Akaunti zote zilikuwa zimefungwa, isipokuwa kwenye ukurasa wa kujitetea. Tusipotoa maelezo ya kuridhisha ndani ya majuma mawili, ombi la toleo la Kinande lingefutwa.

Shemeji yangu anafanya kazi katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi na anajua mambo ya kompyuta. Alikuja, akasoma, akacheka.

"Shemeji, hii ni kitu kidogo. Mufungue akaunti mupya. Mumoja ajiite Volkano, mumoja Ziwa, mumoja Gorila. Kila mutu aandike kwake. Hawatajua."

"Gorila ni nani?" Muzee aliuliza.

"Mutu yeyote, Muzee. Hata wewe."

"Mimi nilibatizwa."

Mfanyabiashara alisema shemeji anasema kweli, tunataka toleo, hatutaki kesi. Na kweli, ingekuwa rahisi. Lakini nilikuwa nimeishi miji minne ambamo watu waliniita jina lolote lililowafaa mdomoni, nami nikaitika kwa sababu nilitaka kula. Nilisema hapana. Hatutadanganya ili tuonekane wakweli. Afadhali tufunge meza.

Tuliandika jibu pamoja, kwa Kinande juu na Kifaransa chini. Tulieleza majina, chumba, desturi ya kusoma kwa sauti. Hatukuomba msamaha. Mwalimu mmoja alikuwa ameandika "tunasikitika", Muzee akamwambia afute.

Mama wa Masisi alikuwa akisikiliza kutoka meza yake. Toleo lake halikuguswa, na kututetea kungeweza kulitia lake mashakani, maana naye alitumia modemu ile ile. Dada yake alimvuta kitenge. Mama aliuondoa mkono wa dada yake taratibu.

"Papa, muniachie nafasi chini," aliniambia. Akaandika kwa jina lake kwamba anakaa na watu hawa kila Jumamosi, anaona vichwa vitano, na kimoja hakina nywele.

"Hiyo ya nywele ilikuwa lazima?" Muzee aliuliza.

"Anataka alama ya kututofautisha, Muzee. Nimemupa."

Msimamizi alirudisha swali moja: kwa nini basi tusichague majina tofauti, kuepuka mkanganyiko?

"Andika," Muzee alisema, "kwa sababu majina tuko nayo tayari."

Nikaandika hivyo, bila kuongeza neno.

Baada ya siku tisa akaunti nne zilifunguliwa, na ombi likaachwa wazi. Yangu ilibaki imefungwa. Iliwahi kuingia mtandaoni kutoka Uganda, Tanzania na kona mbili za Kongo, na hilo, walisema, halifanani na mtu mmoja. Msimamizi alinishauri kwa upole nifungue nyingine kwa jina jingine. Nilimshukuru, nikakataa. Kila mwezi natuma rufaa ile ile. Jumamosi nakaa mezani, nabishia kurasa za wenzangu, siandiki hata herufi.

Lakini wanne hawatoshi. Kamati ilitaka watano, na muda ulikuwa unakwisha. Juma lililopita alikuja mtu wa tano, mwalimu wa Beni, akisema amesikia tunaandika. Muzee alimuuliza ni wa ngapi kwao.

"Wa pili."

Tulitazamana. Mfanyabiashara alishika kichwa.

"Unaweza kujiandikisha kwa jina jingine," Muzee alimwambia, "kama unaogopa shida."

"Papa yangu ataniuliza ni shida gani."

Muzee akamsogezea kiti. Mwalimu alifungua akaunti kwa jina lake, akatoa karatasi mfukoni, akaanza kutusomea ukurasa kuhusu mvua ya mawe, na kwenye sentensi ya pili tukaanza kumbishia.