Majina Thelathini

Siku moja ya masika haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka tasbihi yangu. Nitakusimulia, na ukiona nainamisha uso, nivumilie.

Nilikuwa mganga wa zahanati katika kijiji kimoja cha Uluguru, juu kidogo ya Mkuyuni. Nilikuwa kijana, nimehitimu uganga, na kabla ya hapo nimesoma Kurani chuoni kwa maalimu. Zilikuwa zile enzi za ruksa, kila mwenye akili anafungua biashara, nami nikafungua duka la dawa pale Mkuyuni, karibu na soko. Mwaka huohuo mradi mmoja ulinipeleka semina mjini Morogoro. Sista Felista, muuguzi mtu mzima, alitufundisha kuokoa watu katika ajali na maafa: kukandamiza jeraha linalovuja damu, kumbeba aliyevunjika, kujua nani ahudumiwe kwanza. Sharti lilikuwa moja tu. Nikirudi, niwafundishe wanakijiji thelathini kwa siku tatu, kisha nipeleke orodha ya majina yao.

Siku hizo tatu nilizimalizia dukani. Nilichukua daftari la wagonjwa wa zahanati, nikanakili majina thelathini, nikatia sahihi, nikaipeleka orodha mjini. Kisha nikatawadha nikaenda kuswali, kama mtu asiye na neno. Hilo bado linanichoma.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, mlima ukaporomoka sehemu mbili: kijijini kwetu na kijiji cha ng'ambo ya mto. Asubuhi Landrova kutoka mjini ilisimama mbele ya duka langu. Sista Felista akateremka, matope hadi magotini.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, kijana wangu. Gari moja, vijiji viwili. Nimeona tuanze ng'ambo, wale hawana mtu. Kwenu wapo wale thelathini wako. Au unasemaje?"

Neno moja tu lingetosha, mwanangu. Nikasema, "Sawa, Sista."

"Basi panda, nahitaji mikono."

Tulifika kwetu alasiri. Zuhura, mke wa Bakari, alikuwa amelazwa mkekani, barazani kwa jirani. Bati lilikuwa limemkata chini ya goti. Mumewe alikuwa amemfunga kamba ya katani juu ya goti tangu alfajiri, akaikaza kwa kijiti, na haikulegezwa tena. Mguu ulikuwa umepoa na kubadilika rangi kwa kukosa damu.

"Nani kafunga hivi?" Sista akauliza.

"Mimi, mama. Damu ilikuwa haikatiki."

"Jina lako?"

"Bakari Salumu."

Sista akachomoa orodha yangu mfukoni. "Namba saba. Siku tatu umefundishwa kukandamiza kwa kitambaa, halafu unamfunga mkeo kama mbuzi wa mnadani?"

Bakari akainama. "Nisamehe, mama. Labda sikuelewa vizuri."

Aliomba radhi kwa somo ambalo hakupewa, nami nimesimama pembeni yake, kimya.

Bibi mmoja akadakia, "Kafundishwa lini huyu? Hebu tusomee majina hayo."

Sista akasoma. Alipofika la kumi na mbili, bibi akashika kiuno. "Mama yangu huyo! Tumemzika kabla ya semina yenu. Alifundishiwa kaburini?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Macho yote yakanigeukia.

Zuhura alikatwa mguu hospitalini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilipita juu ya mguu wa mtu mwingine.

Sista hakunifokea. Alinirudishia ile karatasi akasema, "Nikikuondoa leo, kijiji kitabaki bila mtu kabisa. Wafundishe hawa. Anza na namba saba. Ukimaliza nitakuja kuwapima mwenyewe, mmoja mmoja."

"Na wa kumi na mbili, Sista?"

"Huyo kamwombee."

Nilifunga duka. Zuhura aliporudi kutoka hospitali nikaenda kwao, nikakiri yote mbele yake na mumewe. Zuhura ndiye aliyejibu: "Tumekusikia. Sasa kaa chini, utufundishe." Hakusema amenisamehe, wala sikuthubutu kumuuliza. Akaunyoosha mguu wake uliobaki, ili mumewe ajifunzie pale kukandamiza na kufunga kitambaa.

Mwanangu, elimu ya kuokoa watu ni amana. Hujaifikisha kwa kuiandika. Utakuwa umeifikisha siku mikono ya jirani yako itakapoweza kazi hiyo wewe ukiwa mbali. Na ukikosea, kwani sote tunakosea, mficha uchi hazai: sema mapema, wakati neno lako bado linaweza kuligeuza gari. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Aibu ya kunyamaza nimezeeka nayo, na namshukuru Mola aliyenipa umri wa kuitubia.

Mwenyezi Mungu aitie baraka mikono yako, aufanye ulimi wako mwepesi wa kweli, na akujaalie wanafunzi watakaokushinda kazi. Amin.