Programu ya Wote, Mikono ya Mmoja

Jumanne nilikuwa Kavimvira, kwenye nyumba ya fotokopi, nikingoja karatasi zangu. Karibu nami alikaa mama mjamzito na kompyuta yake. Ndiye aliyeandika programu ambayo vituo vya afya vya huku vinaandikia chanjo za watoto. Ni ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Wanaoitumia ni wengi. Anayeirekebisha ni yeye tu. Simu yake haikutulia.

Mara akaingia muuguzi wa kituo cha jirani, anahema, kompyuta kwapani.

"Mama, programu inakataa! Wamama wako ku mustari na batoto."

Mama akaifungua kompyuta ya muuguzi, akanyoosha mikono kwenye kibodi, kisha akairudisha mapajani.

"Ikala, muganga. Leo utatengeneza weye."

"Minye? Sijue kitu!"

"Mwezi unaokuja niko ku maternité, kuzaa. Utaita nani?"

Muuguzi akakaa. Mama akamwonyesha kosa kwa kidole, bila kugusa kitu. Muuguzi akaandika, akafuta, akaandika tena, jasho likimtoka.

"Na nikiharibisha?"

"Utatengeneza. Minye nimeharibisha mara mingi."

Programu ikafunguka. Muuguzi akakimbilia kituoni, na mama akaongeza jina la muuguzi huyo kwenye orodha ya watengenezaji wa programu, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na jina moja.

Huku kwetu, kwenye kwaya, kamati na ofisi, tunamsifu anayebeba yote peke yake mpaka siku anapoanguka. Niliondoka nikijiuliza nani ataandika safu hii ya gazeti nikiugua. Sijampata, na kusema kweli sijamtafuta.