Mtani Wangu wa Isandlwana

Mimi ni Mngoni wa Songea. Wazee wetu walitoka kusini, damu moja na Wazulu, wakaja wakipigana na kila waliyemkuta njiani. Walipigana na Wahehe mpaka pande zote mbili zikachoka, baadaye wakawa watani. Ndiyo desturi: mliyeuana naye mnatukanana mkicheka, hata msibani, na anayenuna ndiye aliyeshindwa.

Desturi hiyo nilikwenda nayo kazini Uingereza, mjini Woolwich, bila kufikiri. Nilikuwa namhudumia mzee wa Kiingereza, mwanajeshi mstaafu, aliyegoma kuoga. Wahudumu wawili kabla yangu aliwafukuza. Binti yake alishaniambia wazi kwamba akiendelea hivyo atampeleka nyumba ya wazee, naye mzee hakutaka kufia popote ila chumbani mwake.

Ukutani mwa chumba hicho ilining'inia picha ya vita vya Isandlwana, pale Wazulu walipowashinda Waingereza: askari wa makoti mekundu katikati, ngao za Wazulu zimewazunguka pande zote. Baba wa babu yake alikufa pale. Asubuhi moja, binti yake akitutazama, mzee aliponisukuma mkono, ulimi ukaniponyoka.

"Mzee, nyie mlikuja na mizinga, tukawamaliza kwa mikuki. Leo unaogopa sabuni?"

Binti yake akabaki mdomo wazi. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Lakini mzee alinitazama sawasawa kwa mara ya kwanza, akaangua kicheko mpaka akakohoa. Siku hiyo alioga.

Tangu hapo tukawa watani. Kila nikiingia ananiuliza mkuki nimeuacha wapi. Nami namwuliza kama leo tena atakimbilia chini ya blanketi. Nilifurahi, nikajiona fundi. Kisha siku moja, nimepiga magoti mbele yake, akasema, "Mlishinda siku moja tu. Leo nani anamvua nani soksi?"

Iliniingia. Nikaenda jikoni na hasira zangu, nikajifanya nachemsha maji. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Waingereza walirudi na jeshi kubwa zaidi, wakaitwaa nchi ya Wazulu. Na hata ule ushindi niliokuwa najidai nao haukuwa wangu, maana wazee wangu walishahama zamani. Changu kilikuwa mabasi mawili kila alfajiri, na zile soksi.

Binti akanifuata kuniomba radhi. Nikamwambia aache tu, mimi ndiye niliyeanza, na mtani hasusi. Nikajifuta uso, nikarudi chumbani.

"Kwetu anayevuliwa soksi ni mtoto mchanga au maiti," nikamwambia. "Wewe ni yupi?"

Hakucheka. Alitazama miguu yake.

"Naelekea kwa huyo wa pili," akasema, "na ninaogopa."

 Niliketi kando yake kitandani. Nikamweleza kwamba kwetu mtani hakosi mazikoni: hufika, humsema marehemu mbele ya wafiwa mpaka wanaolia wacheke, kisha hushika jembe akasaidia kuzika. Nikamwambia nami nitakuja.

Akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Hapa kwetu watasimama kimya wote," akasema. "Wewe usinyamaze."

Nilimwahidi, huku binti yake amesimama mlangoni analia.