Ng'ombe Hana Jumapili

Mama alikuwa amekubali mbele ya kanisa zima kwamba Jumapili ya mavuno angesoma shairi la shukrani la Kiswahili, alilotunga mwenyewe. Mwenyekiti wa akina mama alicheka. "Mashairi si ni ya watu wa Mombasa? Ukikwama, nafasi yako tutapea kwaya."

Ijumaa nilitoka kazini Hurlingham nikaenda moja kwa moja nyumbani, Mutuini. Nilimkuta zizini anakamua, na hakuwa na hata mstari mmoja.

"Nimejiaibisha," akasema. "Sina maneno makubwa."

Nikamweleza kwamba hayahitajiki. Mstari una vipande viwili, kila kimoja mizani nane, na mizani ni pigo moja la sauti. Ma-zi-wa: mapigo matatu. Kisha nikamwuliza siku zake zinakwendaje.

"Si unajua? Siku nenda, siku rudi."

"Mami, rudia. Polepole, ukikamua."

Mkono wa kulia, mkono wa kushoto: si-ku-ne-nda-si-ku-ru-di. Maziwa yaligonga ndoo mara nane. Akaacha kukamua, akanitazama. Usemi huo naupenda kwa sababu siku zake zina miguu: zinatoka asubuhi na kurejea jioni, kama mtu anayepeleka maziwa barabarani. Mama alikuwa ameusema maisha yake yote bila kujua kwamba ni nusu ya mstari.

"Na hiyo nusu ingine?"

"Niambie siku ambayo hukamui."

"Wee!" Akacheka. "Ng'ombe hana Jumapili."

Tukakamua maneno hayo pia. Nane.

Jumapili alisimama mbele bila karatasi. Niliona vidole vyake vikikamua hewa kando ya rinda, kulia, kushoto.

*Siku nenda siku rudi, ng'ombe hana Jumapili,*
*Kwa jua na kwa baridi, nachukua ndoo mbili.*

Kicheko kilipasuka, kile cha watu walioacha ng'ombe wao nyumbani. Maneno hayo yalirudi katika kila ubeti; ubeti wa tatu ulipofika, mama akisema "ng'ombe," kanisa zima lilimalizia, "hana Jumapili!" na mwenyekiti, amesimama juu ya benchi, ndiye aliyepaza sauti kuwashinda wote. Kwaya nayo ikapiga vigelegele.

Langoni kila mtu alitaka kumshika mkono.

"Mama, tuongezee ubeti mmoja tu!"

"Kesho," akawajibu, akijifunga leso vizuri, tayari anatembea. "Saa ya kukamua imefika."